Injini za Japani na za Ujerumani: tofauti iko kwenye nafasi iliyoachwa

Fungua kava ya valvu ya Toyota 2JZ-GTE, injini ya Supra ya 1993 hadi 2002, kisha pitisha filageji (bamba jembamba la kupimia nafasi) kati ya kamshafti, shafti inayofungua valvu, na kikombe cha valvu injini ikiwa baridi. Toyota wanataka nafasi ya milimita 0.15 hadi 0.25 kwenye valvu za kuingiza hewa, na 0.25 hadi 0.35 kwenye valvu za kutoa moshi. Sasa nenda kwenye BMW S54, injini ya M3 ya umbo la E46, ufanye kazi hiyohiyo. Utatakiwa upate 0.18 hadi 0.23 za kuingiza, 0.28 hadi 0.33 za kutoa.

Zote mbili zina silinda sita za mstari mmoja, valvu 24, kamshafti mbili juu ya hedi na bloki ya chuma cha kutupwa. Hata kipimo cha katikati ni kama kimoja. Lakini Mjapani amekuachia dirisha la milimita 0.10, na Mjerumani amekuachia 0.05. Valvu na kiti chake vikichakaa kidogo, Toyota bado iko ndani ya kipimo wakati BMW imeshatoka nje.

BMW hawakubana dirisha hilo kwa ukaidi. S54 inazunguka hadi mara 8000 kwa dakika, na pua za kamshafti yake zinafungua na kufunga valvu kwa ghafla. Nafasi ikiwa kubwa, valvu inapigwa nyundo kila inapofunga. Ikiwa ndogo mno, valvu haikai sawasawa kwenye kiti, joto lake halipati pa kwenda, na mwisho valvu ya moshi inaungua ukingo. Ndiyo maana kupima nafasi ya valvu ni sehemu ya kila ukaguzi mkubwa wa S54, na gari lililokaa miaka mingi bila kazi hiyo lina deni hata kama linawaka vizuri.

Vijiweni husemwa kwamba gari la Kijapani halifi na la Kijerumani ni la wenye pesa. Kauli hiyo inakaribia ukweli, lakini inaficha sababu. Mafundi chuma wa nchi zote mbili ni hodari. Kinachotofautiana ni kiasi cha nafasi ambacho mhandisi aliacha kati ya kazi anayoidai injini kila siku na mwisho wa uwezo wake.

Sababu kubwa ya tofauti hiyo ilitoka nje ya karakana. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 watengenezaji wa Japani walishika makubaliano ya kutotangaza gari lenye nguvu inayozidi PS 280 (PS ni kipimo cha nguvu za farasi), na magari ya soko lao yalizuiwa yasipite kilomita 180 kwa saa. Ukomo huo wa nguvu ulidumu hadi 2004, Honda Legend ilipotangazwa kuwa na PS 300. Wajerumani nao walikuwa na makubaliano yao, ila wao walizuia kasi kwenye kilomita 250 kwa saa. Nguvu hawakuigusa.

Angalia matokeo yake. Mhandisi wa Nissan aliyebuni RB26DETT ya Skyline GT-R ya 1989 alikuwa na macho kwenye mashindano ya Group A, mbio za magari yaliyotokana na ya barabarani, ambako GT-R hiyo, umbo la R32, ilikuja kushinda mbio zote 29 ilizoshiriki katika michuano ya Japani kuanzia 1990 hadi 1993. Bloki ile ilitayarishwa kwa nguvu ya mashindano, kisha toleo la barabarani likapunguzwa busti (shinikizo la hewa ya turbo) na kuandikwa PS 280. Supra iliyouzwa Japani iliandikwa 280, na ile iliyokwenda Marekani, yenye injekta kubwa zaidi na turbo tofauti, iliandikwa 320 kwa kipimo cha Marekani (hp). Bloki ni ileile. Aliyenunua gari la Japani alinunua 280 kwenye karatasi, na nguvu nyingine nyingi zikiwa zimelala kwenye chuma.

Mjerumani hakuwa na sababu ya kulaza kitu. S54 inatoa PS 343 kutoka sentimita za ujazo 3246 bila turbo, yaani karibu PS 106 kwa kila lita. Alichokuwa nacho mhandisi ameshakuuzia chote. Tena alijua mteja wake anaweza kukanyaga mafuta hadi mwisho kwenye Autobahn, barabara kuu za Ujerumani, na kubaki hapo kwa dakika kadhaa, kitu ambacho barabara za Japani hazikuruhusu. Ukubwa wa rejeta ya oili, oili nzito ya 10W-60, na taa za njano kwenye geji ya mizunguko zinazozimika mojamoja kadiri oili inavyopata joto, vyote vinaendana na barabara hiyo.

Sasa tufanye hesabu, kwa sababu hapa ndipo ubishi mwingi unaweza kumalizwa. Pistoni hupanda na kushuka mara moja kila mzunguko. Chukua urefu wa safari yake, zidisha kwa mbili, zidisha kwa mizunguko ya sekunde moja. 2JZ ina safari ya milimita 86, na ikizunguka mara 6800 kwa dakika kasi ya wastani ya pistoni ni mita 19.5 kwa sekunde. S54 yenye safari ya milimita 91 ikizunguka mara 8000 inafika mita 24.3. Mvuto unaoipata konrodi, mkono unaoshika pistoni, pistoni inapogeuza juu unakua kwa urefu wa safari na kwa mraba wa mizunguko. Ukichukua pistoni mbili zenye uzito sawa, konrodi ya BMW inavutwa karibu mara moja na nusu ya konrodi ya Toyota, kila mzunguko, mradi dereva anaendesha hadi mstari mwekundu.

Lakini msikimbilie kusema hayo ni mambo ya Ujerumani. Honda F20C ya S2000 ya 1999 ina safari ya milimita 84 na inafika mizunguko 9000, kwa hiyo pistoni zake zinakwenda mita 25.2 kwa sekunde, zaidi ya BMW. Nguvu yake katika soko la Japani ni PS 250 kutoka lita 2 bila turbo, yaani PS 125 kwa lita. Hiyo ni injini ya Kijapani iliyobanwa kuliko ya Mjerumani, na tabia yake inafuata: inataka oili ipimwe mara kwa mara, na mmiliki anayeacha kipimo kishuke anahatarisha beringi zake. Ukiielewa F20C, unaacha kuuliza injini imetoka nchi gani na unaanza kuuliza imebanwa kiasi gani.

Ugonjwa uliotawala jina la S54 ni beringi za konrodi. BMW wenyewe waliita magari ya miaka ya mwanzo, ya 2001 hadi 2003, yabadilishwe beringi na bolti. Beringi hii ni kipande cha bamba laini kilichokunjwa nusu duara, kinachoelea juu ya utando wa oili usiozidi sehemu ndogo ya unywele. Kanuni ya zamani ya wajenzi wa injini inasema nafasi ya oili iwe takribani moja ya elfu ya kipenyo cha krenki, shafti inayozungushwa na konrodi, pale beringi inapokaa. Kwenye S65, V8 ya M3 iliyofuata, kipenyo hicho ni milimita 52, kwa hiyo ungetarajia nafasi ya karibu milimita 0.05. Wengi waliopima wamekuta pungufu. Unganisha nafasi finyu na oili ya 10W-60 ambayo asubuhi ni nzito kama asali, halafu dereva akanyage kabla taa za njano hazijazimika: oili haiwahi kuingia, chuma kinagusana na chuma.

Uzuri ni kwamba kazi hii inaweza kufanyika bila kutoa injini. Injini inashikiliwa kutoka juu, fremu ya mbele inashushwa, sampu (bakuli la oili chini ya injini) inatolewa. Zungusha krenki hadi jozi ya konrodi ije chini, fungua kofia moja moja, na kila kofia irudi kwenye konrodi yake na kwa upande wake, kwa sababu zilitengenezwa zikiwa jozi. Chunguza zaidi kipande cha juu, ndicho kinachobeba mlipuko. Rangi ya kijivu iliyolingana ni salama, lakini ukiona rangi ya shaba imejitokeza, tabaka la juu limekwisha. Pitisha ukucha kwenye krenki: ukikwama kwenye mchirizi, beringi mpya haitasaidia, krenki inatakiwa ikachongwe au ibadilishwe. Pima nafasi kwa plastigeji, uzi laini wa plastiki unaopondwa na upana wake kuonyesha nafasi. Bolti ziwe mpya, maana hizi hukazwa hadi zivutike na hazirudii urefu wake. Hukazwa kwa torki kwanza, kisha kwa nyuzi za pembe kama kitabu kinavyotaka. Fundi anayekaza kwa mkono na uzoefu hapo anakuharibia.

Kabla ya kufungua chochote kuna njia nafuu. Kata filta ya oili iliyotoka, tandaza karatasi yake juani. Vumbi linalometameta rangi ya shaba mara nyingi lina maana moja: beringi zinakwisha.

S54 ina ugonjwa mwingine ambao wanunuzi husahau, VANOS, mfumo unaosogeza kamshafti mbele na nyuma. Unaendeshwa na pampu ndogo ya oili yenye shinikizo la karibu bar 100, na pampu hiyo huzungushwa na masikio mawili ya chuma yaliyotokeza kwenye kitovu cha kamshafti ya moshi. Masikio hayo huingia kwenye matundu ya sahani ya pampu. Matundu yakiwa na ulegevu, masikio yanagongwa kila injini inapobadili mwendo, hadi moja linakatika na kudondokea kwenye cheni. Kipande chenyewe ni kidogo kama punje ya harage, lakini kikinaswa na cheni kinatosha kumaliza hedi.

Na 2JZ nayo si malaika. Sili ya pampu ya oili iliyo mbele ya krenki hutoka mahali pake, oili ikamwagikia mkanda wa taimingi. Mkanda ulioloa oili haufiki kilomita 100,000 zinazotegemewa. Puli ya krenki imeunganishwa kwa mpira katikati, mpira ukizeeka pete ya nje inahama. Turbo zake mbili hufanya kazi kwa zamu, ya kwanza peke yake huku chini na ya pili ikiingia karibu na mizunguko 4000, na zamu hiyo inaongozwa na msitu wa mipira midogo ya vakyumu. Mpira mmoja ukipasuka, gari linavuta vizuri hadi 4000 kisha linalala. Turbo za soko la Japani zina magurudumu ya seramiki upande wa moshi: mepesi, yanaamka haraka, lakini ukipandisha busti sana yanavunjika. RB26 za mwanzo zina sehemu fupi kwenye krenki inayoshika gia ya pampu ya oili. Ikitumika kwa fujo kwenye mizunguko ya juu, gia inapasuka na injini inabaki bila oili ndani ya sekunde.

Ila angalia aina ya magonjwa haya. Mengi yako pembeni ya injini: sili, puli, mipira, turbo, pampu. Kitovu chenyewe, krenki, konrodi na bloki, vimeachwa na nafasi kubwa. Ndiyo sababu watu huziongezea nguvu mara mbili na chini hapafunguliwi. Ukitaka kufanya hivyo, anza na mafuta: injekta na pampu ya petroli kwanza, kisha kompyuta, kisha turbo. Aliyeanza na turbo amepeleka hewa mahali ambako petroli haijafika, na mlipuko wenye petroli pungufu unayeyusha pistoni yoyote, iwe ya Toyota au ya BMW.

Mwaka 2006 mambo yalianza kuchanganyika. BMW walileta N54, lita 3, turbo mbili, PS 306, petroli ikipuliziwa moja kwa moja ndani ya silinda. Ghafla Mjerumani naye alikuwa na injini ambayo kwa kubadili programu tu inaongeza nguvu nyingi. Bei yake ilikuja kwa njia mpya. Pampu ya petroli ya shinikizo kubwa ilikufa, injekta zilivuja, vifuniko vya kupunguzia busti kwenye turbo vikaanza kulia kama kopo. Gaskiti ya nyumba ya filta ya oili huvuja juu ya mkanda wa alteneta. Mkanda ukiloa unaruka kwenye puli, unachanika, na nyuzi zake huvutwa na krenki kupita sili ya mbele hadi ndani ya sampu. Tone la oili lililopuuzwa linaishia kuziba chujio la pampu ya oili.

Kisha kuna kaboni. Petroli ikipuliziwa kwenye njia ya hewa huosha valvu. Ikipuliziwa ndani ya silinda haioshi kitu, na mvuke wa oili huganda juu ya valvu hadi njia inakuwa nyembamba. Hili si la Wajerumani peke yao: Toyota Mark X 250G, gari lililojaa barabara za Dar es Salaam na Nairobi, lina injini ya 4GR-FSE yenye ugonjwa huohuo, kwa sababu nayo hupulizia ndani tu. 2GR-FSE ya lita 3.5 hawakuiacha hivyo, wameiwekea injekta za ndani na za nje. Kusafisha ni kwa kutoa manifoldi ya hewa na kupuliza chenga za maganda ya kokwa za jozi (walnut) kwa kompresa huku zikinyonywa kwa vakyumu. Sharti ni moja: zungusha krenki hadi valvu za silinda hiyo zifunge kabisa, mulika uhakikishe, ndipo upulize. Chenga zikiingia ndani ya silinda zitachora kuta.

Na mwaka 2019 Toyota walipoirudisha Supra, injini ya silinda sita waliyoiweka ilikuwa BMW B58, na gari likajengwa Graz, Austria. Wapenzi wa 2JZ waliumia, lakini ukiifungua B58 utaona BMW walijifunza: bloki ya alumini iliyofungwa juu kuzunguka silinda, krenki ya kufuliwa, nafasi ya kutosha ya kubeba nguvu zaidi ya iliyoandikwa. Kwa mpangilio wa chuma, B58 ni ndugu wa 2JZ kuliko ilivyo ndugu wa S54. Walichokuongezea shida ni kuiweka cheni ya taimingi nyuma, upande wa giaboksi. Siku cheni ikihitaji kuguswa, giaboksi inashuka au injini inatoka.

Injini hizi zikifika kwetu hukutana na mambo matatu ambayo wabunifu hawakuyapanga.

La kwanza ni fundi anayeng'oa thamostati ili injini isipate joto. Ni kosa kwa injini yoyote, na kwa BMW kama zenye N54 ni kosa kubwa, kwa sababu thamostati yake huongozwa na kompyuta. Injini inayoendeshwa baridi hupewa petroli nyingi, petroli hiyo huosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremka kwenye sampu, na ringi zinakwisha. Kama injini inachemka, tafuta kilichoziba au kilichokufa: rejeta, feni, pampu ya maji. Pampu ya N54 ni ya umeme na hufa bila kuaga.

La pili ni maji ya bomba ndani ya rejeta. Bloki ya chuma ya 2JZ itavumilia kwa muda, hedi yake ya alumini haitavumilia. Tumia kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa.

La tatu ni oktani. Petroli ya daraja la juu nchini Japani kwa kawaida huuzwa ikiwa na oktani karibu 100, na Subaru Impreza WRX STI za huko zilipangiwa hiyo. Ikiwekwa petroli ya chini ya hapo, inawaka kabla ya wakati na injini inagonga. Kompyuta hujitahidi kurudisha moto nyuma, lakini ukiwa umebeba abiria wanne, jua la saa saba, ukipanda mlima kwa gia ya juu, hujitahidi isitoshe. Pistoni za kutupwa za EJ20 na EJ25, injini za Subaru hizo, zina kingo nyembamba kati ya ringi, na mgongo huo ndio unaopasuka. Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza, na mapenzi ya Wakenya kwa Subaru hayahitaji maelezo, kwa hiyo kipimo kifuatacho kinawahusu wengi kabla ya kulipa pesa za gari.

Pasha injini moto. Toa plagi, weka pistoni ya silinda moja juu kabisa ikiwa valvu zote zimefungwa, kisha ingiza hewa ya kompresa ya bar 7 kupitia geji ya kupima uvujaji. Krenki ishikiliwe isizunguke. Silinda nzima hupoteza asilimia chache, ikipita 20 kuna tatizo, na ikitofautiana sana na wenzake kuna tatizo hata kabla ya hapo. Halafu sikiliza. Hewa ikilia kwenye njia ya hewa, ni valvu ya kuingiza. Kwenye eksozi, ni valvu ya moshi. Mapovu kwenye rejeta ni hedi gaskiti. Mwisho fungua kifuniko cha oili usogeze sikio, na kwenye Subaru uikawilie silinda ya 4, kwa sababu mara nyingi ndiyo inayotangulia. Ikipuliza humo kama mtu anayezima kibatari, ringi zimekwisha au mgongo wake umepasuka, na bei ya gari hilo ihesabiwe pamoja na injini.